Kufuata besiboli ukiwa Mombasa, na kazi iko na chuo kiko: hatua ninazofuata mie

Sikizeni, hii naiandikia yule mtu wa hapa kwetu ambaye ashapenda besiboli na hajui ataifuataje, manake mechi zinachezwa Marekani wakati sisi tumelala, asubuhi kuna kazi, jioni kuna chuo, na nyumbani kila mtu anauliza huo mchezo wa gongo una nini mpaka mtu aamke usiku. Mie nimemaliza misimu saba nikiufuata. Miwili ya kwanza niliharibu mambo mengi, hii mingine nimejipanga, na ndo hiyo mipango nataka kuiweka hapa yote.

Kwanza mnijue kidogo ili muone kama hali zetu zafanana. Naishi Likoni. Kazi yangu ni karani wa tali kwenye yadi moja ya kontena Shimanzi, naingia saa moja asubuhi natoka saa kumi jioni. Jumatatu, Jumatano na Alhamisi nina klasi ya diploma kisiwani kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa tatu usiku, na Jumamosi saa mbili mpaka saa sita mchana. Timu yangu ni Seattle Mariners. Nilianza Machi 2019 kwa video moja tu, Ichiro Suzuki kwenye mechi yake ya mwisho kule Tokyo tarehe 21, iningi ya nane (mechi ina iningi tisa, na kila iningi timu zote mbili zinapata zamu ya kupiga) anatolewa uwanjani, anatembea polepole anakumbatia wenzake mmoja mmoja, alafu mechi ikaisha na watu hawakuondoka mpaka akarudi kuwaaga. Sikuwa najua hata sheria moja ya huo mchezo. Nikataka tu kujua huyu mtu amefanya nini mpaka watu wazima walie vile.

Haya, twende.

HATUA YA 1: Jifunze kugeuza saa kwa kichwa

Hapa ndo wengi hukwama. Ratiba za MLB, ile ligi kuu ya besiboli ya Marekani, zinaandikwa kwa saa za kule, na ukichanganya saa za kizungu na saa zetu unaweza kuamka usiku bure ukute mechi iliisha jana. Mie nilikuwa nahesabu kwa vidole kila siku mpaka nikagundua njia rahisi ambayo kwa mtu anayesoma saa kwa Kiswahili ni ya haraka kuliko simu.

Mechi ikiandikwa kwa saa za New York, ongeza moja. Ndo basi. Wameandika 7:05 jioni, ongeza moja unapata nane na dakika tano, hiyo ni saa nane na dakika tano usiku wetu. Wameandika 1:10 mchana, ni saa mbili na dakika kumi usiku. Saa za Chicago, ongeza mbili. Saa za Denver, ongeza tatu. Saa za Seattle na Los Angeles, ongeza nne, kwa hivyo 6:40 jioni ya Seattle ni saa kumi na dakika arobaini alfajiri hapa kwetu, na ile 7:10 ya Los Angeles ni saa kumi na moja na dakika kumi. Ikipita kumi na mbili unatoa kumi na mbili unabaki na saa yako, mfano 12:40 mchana ya Seattle inakuwa saa nne na dakika arobaini usiku.

Na ushike hili pia, mechi ya jioni ya Jumanne kule ni alfajiri ya Jumatano huku. Kwenye kalenda yangu naandika siku ya huku peke yake, ya kule naisahau kabisa, kwa sababu ukiziandika zote mbili siku moja utaamka siku siyo.

Hesabu hii yafanya kazi msimu wote wa kawaida, kuanzia mwisho wa Machi mpaka mwisho wa Septemba, na pia Oktoba yote. Mwanzoni mwa Novemba Marekani wanarudisha saa nyuma, sisi haturudishi, tofauti inaongezeka saa moja, lakini hapo besiboli ishakwisha ama imebaki mechi ya mwisho kabisa.

HATUA YA 2: Chagua timu ambayo saa zake zaingia kwenye maisha yako

Najua timu huchaguliwa na moyo, na kama moyo wako ushaenda New York ama Boston sikulazimishi uutoe. Ila kama bado hujachagua, nisikize. Timu za mashariki mwa Marekani zikicheza nyumbani usiku, kwetu ni saa nane mpaka karibu saa kumi na moja, yaani usingizi wenyewe unakatwa katikati, na hakuna mtu wa kazi na chuo anayeweza hayo siku nne kwa wiki. Timu za pwani ya magharibi, Seattle, San Diego, San Francisco, Los Angeles, zikicheza nyumbani usiku zinaanza saa kumi na nusu ama saa kumi na moja alfajiri, wakati ambao mtu wa Mombasa ashaanza kuamka. Mie naamka kwa ajili ya Alfajiri kila siku, mechi ama hakuna mechi. Naweka simu kando, naenda naswali, nikirudi ni iningi ya pili ama ya tatu, chai iko motoni, hapo hakuna usingizi niliouiba popote.

Kila timu ina mechi 162, na 81 ziko nyumbani. Hizo 81 ndo unazipigia hesabu, manake wakisafiri kwenda mashariki saa zinabadilika zote.

Mariners mie niliwapata kupitia Ichiro, lakini nilivyozidi kusoma nikaona ni kama timu imeandikwa jina langu. Mariners ni mabaharia. Seattle ni mji wa bandari, watu wanavuka maji kwa feri kwenda kazini kama sisi wa Likoni, na alama yao ni dira ya meli ikiwa na herufi S katikati. Mie nashinda nahesabu kontena zilizoshuka melini, ningeenda timu gani nyingine? Na nikubali ukweli, kati ya timu zote 30 hii ndo timu pekee ambayo haijawahi kufika World Series, yaani fainali ya ligi, hata mara moja. Mwaka 2001 walishinda mechi 116 na bado hawakufika. Nilijua hayo kabla sijawachagua na nikawachagua.

HATUA YA 3: Panga usingizi kwanza, mechi baadaye

Hii hatua ntakaa nayo kidogo kwa sababu ndo iliyoniumiza.

Msimu wangu wa pili nilikuwa naangalia kila kitu. Mechi za saa nane usiku, za saa tisa, nalala kwa saa mbili naamka, naangalia, nalala tena kwa saa moja naamka naenda kazini, na kwa sababu nilikuwa kijana nikadhani mwili hausemi. Wiki ya pili ya mtindo huo, asubuhi moja pale yadini nikaandika namba ya sili ya kontena moja tofauti na ilivyo, nilibadilisha tarakimu mbili tu, ya tano nikaiweka pahali pa ya sita. Kontena ikazuiliwa. Mwenye mzigo akaja, karatasi zikarudi nyuma, siku mbili nzima watu wanatafuta kosa liko wapi, na kosa lilikuwa kwenye mwandiko wangu. Sikufutwa. Ila supavaiza aliniita pembeni akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Mwanangu, macho yako mekundu, unaumwa?" Nikamwambia siumwi. Ningependa angenipigia kelele, ingeniuma kidogo kuliko hivyo.

Tangu hapo mpango wangu ni huu. Siku isiyo na klasi nalala saa tatu na nusu usiku, naamka saa kumi na nusu, hapo nina saa saba na naweza kuangalia mechi ya alfajiri kuanzia mwanzo. Siku ya klasi, nikitoka saa tatu nivuke feri, nifike nyumbani, nile, nioge, ni saa tano kasoro, nikilala hapo naamka na adhana na siongezi hata dakika moja kwa ajili ya mechi, nikikuta iningi ya tatu basi ni ya tatu. Mechi za saa nane na saa tisa usiku siangalii moja kwa moja kabisa kwenye msimu wa kawaida. Hata kama tunacheza na Houston tukiwa tunafukuzana kileleni. Ziko 162, mechi moja ukiikosa kuna nyingine kesho, huu si mchezo wa kombe la wiki moja, na huo ndo uzuri wake kwa mtu mwenye shughuli.

Jumamosi usiku ndo siku yangu ya raha. Kule ni mchana, Jumapili huku sina kazi, kwa hivyo mechi ya saa tano usiku naiangalia mpaka mwisho bila kuangalia saa. Na Mariners wakiwa wamesafiri mashariki, ile mechi yao ya Jumapili mchana inaanguka saa mbili na kitu usiku hapa kwetu, watu wako sebuleni, viazi karai viko kwenye sahani. Hizo nazipigia mstari mwekundu kwenye kalenda mwezi mzima kabla.

Kitu kingine kimetusaidia sana sisi watu wa mbali. Tangu 2023 mrushaji anapewa saa ya kuhesabu, sekunde 15 kama hakuna mtu kwenye besi (vile vituo vya kukimbilia), na wastani wa urefu wa mechi ukashuka kutoka kama saa tatu na dakika nne hadi saa mbili na dakika arobaini. Kwa mtu anayetakiwa kuwa feri saa kumi na mbili na dakika kumi, hizo dakika ishirini na kitu ni iningi moja ama mbili zaidi kwa macho yangu.

HATUA YA 4: Bando

Video ya mechi nzima kila siku hutaweza, usijidanganye, itakula pesa ya nauli. Mie nagawanya hivi. Mechi mbili kwa wiki video kamili, siku nilizozichagua. Zilizobaki natumia Gameday ndani ya programu ya MLB, ni mchoro tu na maandishi, unaona kila mrusho uliingia wapi, straiki (mrusho unaohesabiwa dhidi ya mpigaji) ama boli (mrusho uliotoka nje), nani yuko kwenye besi gani, na inakula bando kidogo sana, hata pale katikati ya maji ambapo mtandao unayumba inajivuta inarudi. MLB pia huwa na mechi ya bure ya siku, angalia kama timu yako imeangukiwa. Na sauti ya redio peke yake, kama umelipia, ni nzuri mno unapopiga pasi shati. Kuna asubuhi nyingine naona redio imenipa mechi vizuri kuliko video, manake mtangazaji anakwambia upepo unaenda wapi na mrushaji amefuta jasho mara ngapi.

Weka iafoni. Kuta za nyumba zetu ni nyembamba na mama yangu amenivumilia vya kutosha.

HATUA YA 5: Nunua daftari la mraba

Watu wananiuliza nimewezaje kukumbuka mechi zote hizo na huku nasoma. Jibu ni daftari la hesabu la mraba, lile la watoto wa primari, na penseli. Kuandika mechi mkononi kunakufanya uione hata kama uliikosa nusu, na kwangu mie ni kazi ninayoijua, tali ni tali.

Unafanya hivi. Upande wa kushoto unaandika wachezaji tisa kwa mpangilio wa kupiga, mmoja chini ya mwenzake. Juu unaandika namba 1 mpaka 9, hizo ndo iningi. Kila mraba ni zamu moja ya mtu mmoja. Wachezaji wa uwanjani wana namba zao zisizobadilika: mrushaji 1, kecha (mdakaji wa nyuma ya mpigaji) 2, besi ya kwanza 3, ya pili 4, ya tatu 5, shotistopu (anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu) 6, kushoto 7, katikati 8, kulia 9. Sasa mpira ukigongwa ukaenda kwa shotistopu, akamtupia wa besi ya pili, naye akamtupia wa besi ya kwanza, watu wawili auti (wametolewa) kwa mpigo mmoja, unaandika 6-4-3. Tarakimu tatu za penseli, na miaka mitano baadaye ukifungua hiyo karasa unauona mpira unavyotembea. Aliyetolewa kwa straiki tatu akiwa amezungusha gongo unamwandikia K. Aliyesimama akaangalia ile ya tatu ikipita bila kujitikisa, K unaigeuza itazame nyuma. Aliyezunguka besi zote akafika nyumbani, yaani pale pa kupigia, amepata pointi, unapaka mraba wake mweusi.

Niko na karasa moja ambayo lazima niielezee. Jumamosi, Oktoba 11, 2025, Mariners na Detroit, mechi ya tano, anayeshindwa anaenda nyumbani. Ilianza saa tisa na dakika chache usiku na hiyo niliipangia, Ijumaa sina klasi, nililala saa moja jioni kama kuku. Tarik Skubal wa Detroit alikuwa anarusha siku hiyo na karasa yangu upande wa Mariners ni K, K, K, alituondoa watu 13 kwa straiki, kuna mahali ziko saba mfululizo, penseli imechimba karatasi. Iningi ya tisa ikaisha mbili kwa mbili. Daftari lina nafasi ya tisa, nikaongeza mistari pembeni ya kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Karatasi ikaisha. Nikachana karatasi nyingine nikaibandika kwa selotepu kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa anafunga. Na saa mbili nina klasi!

Nikatoka na daftari mkononi. Feri nimeivuka na Gameday, simu iko asilimia tisa, nimesimama karibu na reli, kuna mama ana kapu la samaki ananiangalia vile naandika nasita naandika nasita. Iningi ya kumi na tano, besi zote tatu zina watu, Jorge Polanco anapiga, mpira unapita, aliye besi ya tatu anaingia nyumbani. Tatu kwa mbili. Saa mbili na dakika chache, niko njiani naelekea klasi, nimeegemea ukuta wa duka lililofungwa nimepaka ule mraba mweusi mpaka penseli ikavunjika. Mechi ilienda karibu saa tano nzima. Klasini nilifika nimechelewa dakika ishirini na nilikuwa nimemwambia kiranja wa klasi siku mbili kabla kwamba huenda nikachelewa. Kwa hilo, soma hatua inayofuata.

HATUA YA 6: Omba ruhusa mapema, na ulipe

Oktoba ndo mwezi mgumu. Timu 12 zinaingia kwenye mtoano, mechi kubwa zinaanza saa tisa usiku wetu hata kama timu ni ya magharibi, manake televisheni ya kule inapanga kwa saa za mashariki, na kwenye chuo chetu mwezi huohuo ndo CAT, ile mitihani midogo ya katikati ya semesta, zinapangana. Usingoje mpaka timu yako iingie ndo uanze kukimbia.

Kazini mie naenda kwa supavaiza mwezi Agosti. Simwambii naumwa, simwambii kuna matanga, sijawahi kumdanganya na hiyo ndo sababu ananisaidia. Namwambia, "Shikamoo mzee, kuna siku tano ama sita za Oktoba naomba niingie shifti ya mchana badala ya asubuhi, tarehe kamili ntakuletea wiki moja kabla, na Disemba yote nipange unavyotaka." Alafu naenda kwa mwenzangu tunayebadilishana naye, yeye ni Mkristo, mie namshikia Krismasi, Boksing Dei na mwaka mpya, yeye ananishikia hizo asubuhi zangu. Tumefanya hivyo miaka minne na hakuna aliyemdai mwenziwe. Deni la shifti lilipwe kabla hujakumbushwa, tafadhali, hapa ndo watu huharibu.

Chuoni, asainmenti zote za Oktoba nazimaliza Septemba zile ninazoweza. Lecha akitoa mada wiki ya kwanza naanza siku hiyo hiyo. CAT ikigongana na mechi, CAT ndo inashinda, na simu inabaki imezimwa mpaka nimalize, kisha naangalia ile mechi iliyofupishwa ya dakika kama kumi bila kusoma matokeo. Ili hii iwezekane lazima uzime arifa zote na uwaambie marafiki wako wasikutumie kitu. Mie nimeigeuza kuwa njia ya kusoma kabisa, nasoma noti saa moja na nusu, kisha najipa mechi fupi moja. Nimepita uhasibu wa gharama kwa njia hiyo, na lile somo lilinisumbua semesta nzima.

Na sikukuu zetu zitumie kulala. Mashujaa, Oktoba 20, watu wanaenda pwani, mie nafunga pazia.

Mfano mmoja wa kukuonyesha kwa nini hutakiwi kuingia mkataba na mechi ya Oktoba siku ya kazi. Oktoba 28, 2025, mechi ya tatu ya World Series, Dodgers na Toronto, sikuwa na timu pale nikaamua kulala. Ilianza saa tisa usiku. Nikaamka, nikaswali, nikavuka, nikaingia kazini, tukahesabu kontena, saa tatu na nusu tukaenda kunywa chai na mahamri, nafungua simu nione nani alishinda nakuta bado wanacheza! Iningi 18. Freddie Freeman wa Dodgers akaimaliza kwa homurani, mpira wa kutoka nje ya uwanja, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, chai yangu imepoa. Besiboli haina kipenga cha dakika tisini, haina penalti, inaisha ikiisha. Kama ningekuwa nimekaa nayo tangu saa tisa sijui namba za sili ningeziandikaje siku ile.

HATUA YA 7: Tafuta hata mtu mmoja wa kuongea naye

Ukifuata peke yako utachoka. Hapa Mombasa watu wa kandanda ni wengi na wa kriketi wapo, pale Mombasa Sports Club wanacheza miaka yote, na mtu wa kriketi akikaa nawe nusu saa anashika. Kwa wengine mie naanzia na raunda. Kila msichana aliyesoma primari Kenya amecheza raunda, anajua kupiga, kukimbia besi, kutolewa. Dada yangu nilimwelezea iningi moja kwa lugha ya raunda na sai ananiuliza Cal Raleigh amepiga ngapi. Raleigh ni kecha wetu, mwaka 2025 alipiga homurani 60, hakuna kecha aliyewahi kufika hapo. Mtu anayekaa amechutama nyuma ya gongo mechi nzima, magoti yanamuuma, alafu anapiga 60. Hiyo hata asiyejua mchezo anaielewa.

Na mtu akikwambia huu si mchezo wa Waafrika, mwambie Gift Ngoepe wa Afrika Kusini aliingia MLB na Pittsburgh Pirates Aprili 2017, wa kwanza aliyezaliwa Afrika, na zamu yake ya kwanza kabisa akapiga akafika besi. Mwambie na watoto wa Lugazi, hapo jirani Uganda, walioenda kucheza kombe la dunia la watoto kule Marekani mwaka 2012, timu ya kwanza ya Afrika kufika. Usibishane sana, mwonyeshe video.

HATUA YA 8: Ujue utafanya nini wakifungwa

Kwa sababu watafungwa, na wewe saa moja unatakiwa kazini.

Oktoba 21, 2025, Jumanne. Mechi ya saba na Toronto, mshindi anaenda World Series, sisi tunaongoza tatu kwa moja, iningi ya saba. Sijawahi kuwa karibu hivyo. Nilikuwa nimelala Mashujaa mchana kutwa, nina nguvu, chai iko kando. George Springer wa Toronto akapiga homurani ya watu watatu, yaani pointi tatu kwa mpigo mmoja. Nne kwa tatu, na ikabaki hivyo mpaka mwisho.

Mie nina mpango wa siku kama hiyo na niliufuata. Nilimalizia karasa, kila mraba mpaka auti ya mwisho, nikaandika 4-3 chini kulia na tarehe. Sikufungua mtandao kusoma watu wanasema nini, hiyo ni ya jioni ukishamaliza kazi. Nikapiga pasi shati. Siku hiyo shifti yangu ilikuwa ya mchana, nilikuwa nimeiomba, lakini nikaona nikikaa nyumbani ntakaa na ile iningi ya saba peke yangu, kwa hivyo nikampigia mwenzangu nikamwambia nakuja, wewe lala.

Nikavaa kofia yangu ya dira nikashuka feri. Jua lishatoka, maji yametulia, watu wamejaa mpaka kwenye mlango. Mzee mmoja mwenye baiskeli ya mikate akaiangalia ile kofia akaniuliza, "Kijana, hiyo S ya nini?"

"Ya timu yangu, mzee. Imetolewa sai hivi."

"Pole. Warudi lini?"

"Machi," nikamwambia. Akatikisa kichwa, feri ikagonga ng'ambo, tukashuka.